Maisha ya babu yangu niyaite riwaya ili nishindanie tuzo?

Swali:

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja wilayani Pangani. Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika maisha ya marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi wa majahazi. Nilimrekodi mwenyewe kabla hajafariki, nikawahoji wanagenzi wake wawili, na sasa mswada umefika kurasa 190. Nilitaka kuupeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ila sioni nyanja inayoufaa. Mwenzangu kazini ananiambia, "Andika 'riwaya' juu ya jalada, nani atajua?" Je, nifanye hivyo? Na kwa nini kitabu cha mambo ya kweli hakina pa kushindania? Nimeambatisha sura ya kwanza na ya saba.

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Pole kwa kumpoteza babu, na hongera kwa kumrekodi akiwa hai. Wengi wetu tulikumbuka kuwauliza wazee wetu siku ambayo tayari tunarudi makaburini.

Nimesoma sura zote mbili, ya saba nimeirudia. Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: usiandike "riwaya". Mwenzako anauliza nani atajua. Waamuzi watajua, na hawatahitaji kufika mbali.

Nimekaa kwenye uhariri wa vitabu miaka mingi, na nimepata kuwa msomaji wa miswada ya mashindano. Mswada unakufikia umeondolewa jina la mwandishi, juu yake pana namba tu. Humjui mtu, hujui kama ni mwanafunzi au profesa. Hata hivyo mswada wa mambo ya kweli uliovishwa kanzu ya riwaya hujitaja wenyewe. Watu huingia kwa majina yao matatu, wakasema neno moja, wasionekane tena. Miaka imepangwa kama kwenye kitabu cha hesabu za duka. Mtu anayeonekana kuwa nguzo ya kisa hufa katikati, na unaona wazi amekufa kwa sababu ndivyo alivyokufa. Hadithi yenyewe bado ilikuwa inamhitaji. Msomaji aliyeambiwa apime riwaya anatafuta msuko, anatafuta mgogoro unaokua, anatafuta wahusika wanaobadilika mbele ya macho yake. Akifika kwenye kurasa zako tatu za namna mbao za mataruma, yaani mbavu za chombo, zinavyochaguliwa porini kwa kuangalia mpindo wa tawi, ataandika pembeni: "maelezo yamezidi, kisa kimesimama." Atakukata alama kwa kile kile ambacho ni roho ya kitabu chako.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko suala la udanganyifu, ingawa nalo lipo. Ukikiita riwaya, unamwambia msomaji kwamba babu yako hakuwepo. Kwamba lile jahazi alilolijenga likapiga safari za Pemba na Unguja ni jahazi la kubuni. Miaka 40 ijayo mtafiti wa ufundi wa vyombo vya pwani akikiona kitabu chako maktabani atakipita, kwa sababu kimewekwa rafu ya hadithi. Umefanya kazi ya miaka sita kuokoa ushahidi, kisha kwa neno moja juu ya jalada ushahidi huo umeufuta.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa.

Tuzo uliyoitaja jina lake kamili ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Soma maneno mawili ya mwisho. Ilianzishwa mwaka 2022, mwaka ambao Mwalimu Nyerere angetimiza miaka 100, na washindi wa kwanza wakatangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku yake ya kuzaliwa. Ilianza na nyanja mbili, riwaya na ushairi, baadaye zikaongezwa hadithi za watoto na tamthilia. Mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10, wa pili milioni 7, wa tatu milioni 5, na mswada unaoshika nafasi ya kwanza Serikali inagharamia uchapaji wake na kuusambaza mashuleni. Hilo la mwisho, kwa mtazamo wangu, ndilo zawadi yenyewe. Wafaransa wana tuzo yao ya Goncourt, iliyoanza kutolewa mwaka 1903, na hundi anayopewa mshindi ni ya euro 10. Kumi tu. Kinachogombewa pale ni wasomaji, kwa kuwa kitabu kilichoshinda huuzwa kwa mamia ya maelfu. Kwetu, ambako mwandishi anaweza kuchapisha nakala 500 na baada ya miaka mitatu nusu yake bado ziko kwenye maboksi chini ya kitanda, kuingizwa shuleni ni kama kufunguliwa bahari.

Kwa hiyo tuzo ni nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote, na nafurahi kila mwaka ninapoona vijana wasio na jina wakiitwa jukwaani. Lakini angalia ni nani anaiendesha: Taasisi ya Elimu Tanzania, chini ya Wizara ya Elimu. Hao ndio wenye mitaala. Na katika mtaala wetu, fasihi andishi ni riwaya, tamthilia na ushairi. Mtoto anasoma diwani mbili, tamthilia mbili, riwaya mbili, anaingia kwenye mtihani. Wasifu wa mtu hauna kipindi. Wewe ni mwalimu wa Historia, unalijua hili kuliko mimi: ukiupeleka wasifu kwa mwalimu wa Kiswahili atakuambia hii ni historia, ukiupeleka kwa mwenzako wa Historia atakuambia hizi ni hadithi za babu. Kitabu kinabaki mlangoni. Tuzo imefuata ramani ya darasa, na kwenye ramani hiyo mahali pako hapajachorwa.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaitaji, nayo ni kazi ya kuhakiki. Riwaya ukishaipima lugha, muundo na maudhui umemaliza. Kitabu cha kweli kinataka mtu wa kuuliza: hili limetoka wapi? Aliyesema haya alikuwepo? Jopo la namna hiyo linahitaji mwanahistoria, linahitaji mtu anayeijua fani inayosimuliwa, linahitaji muda mrefu zaidi, na vyote hivyo ni gharama. Naielewa hoja hiyo. Siikubali kuwa sababu ya kuacha, maana wenzetu wameweza.

Marekani walipoanza tuzo zao za taifa za vitabu mwaka 1950, walitoa zawadi tatu siku ile ile ya kwanza: ya hadithi za kubuni, ya ushairi, na ya vitabu visivyo vya kubuni. Hawakusubiri. Mpaka leo kila kundi lina jopo lake la waamuzi watano, mshindi akipata dola 10,000, na aliyeandika wasifu anakaa ukumbini meza moja na aliyeandika riwaya. Uingereza walichelewa: tuzo yao kubwa ya riwaya, Booker, ilianza 1969, ile ya vitabu vya mambo ya kweli ikaja miaka 30 baadaye, mwaka 1999, na leo inaitwa Baillie Gifford na zawadi za tuzo hizo mbili zinalingana, pauni 50,000 kwa kila moja. Lakini mfano ninaoupenda uko kusini mwa bara letu hili hili. Gazeti la Sunday Times la Afrika Kusini lilianzisha Tuzo ya Alan Paton mwaka 1989, na ilikuwa ya vitabu vya mambo ya kweli. Ile ya riwaya ilifuata mwaka 2001. Nchi ile wakati huo ilikuwa imejaa mambo yaliyofichwa, na watu walitaka kwanza kujua nini kilitokea. Nigeria nao wana tuzo nono kuliko zote hizo kwa fedha, dola 100,000, inayozunguka kati ya riwaya, ushairi, tamthilia na vitabu vya watoto, kila mwaka kundi moja. Humo wasifu haumo. Kwa hiyo si sisi peke yetu.

Kwetu, hata hivyo, kuna jambo linalonisikitisha zaidi. Nathari ya Kiswahili haikuanza na riwaya. Ilianza na watu waliosimulia waliyoyaona. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903, yeye mwenyewe akiwa bado hai. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliandika habari za desturi za Waswahili, kitabu kikatoka Ujerumani mwaka 1903, na leo anayetaka kujua harusi au mazishi ya mrima, pwani ya bara, yalikuwaje zama zile anaanzia humo. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, akaisimulia safari ile kwa Kiswahili safi. James Mbotela wa Freretown, Mombasa, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na hadi leo wataalamu wanabishana kama ni historia au ni riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Shaaban Robert, huyo huyo tunayemsomesha watoto kwa Kusadikika, aliandika tawasifu yake na akaandika wasifu wa Siti binti Saad. Ule wasifu wa Siti, Mwalimu, usome tena kabla hujagusa mswada wako. Tazama anavyomleta mwanamke aliyetoka kijijini kuuza vyungu, na jinsi anavyoiacha sauti yake ipande bila ya yeye mwandishi kupiga kelele.

Hiyo ndiyo mila uliyoingia. Ni ya zaidi ya karne moja, imetupa baadhi ya vitabu vyetu bora, na haina zawadi.

Nguvu ya zawadi tunaijua. Mwaka 1957 na 1958 East African Literature Bureau, idara iliyoundwa mwaka 1948 kushughulikia vitabu vya huku, iliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Mzanzibari mmoja, Muhammed Said Abdulla, akashika nafasi ya kwanza na Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kikatoka 1960, na Bwana Msa, mpelelezi wake, akaingia majumbani mwetu na kiko chake mdomoni. Shindano moja, mswada mmoja, tukapata mkondo mzima wa hadithi za upelelezi. Sasa hebu fikiri shindano kama lile lingefanyika kwa maisha ya watu: manahodha, wakunga, mafundi wa reli, wakulima wa karafuu, wapiga taarabu. Wazee wa wakati ule walikuwa wamezaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wote wamekwenda, na tulichobaki nacho ni kidogo mno.

Ndiyo maana napendekeza, na nimelisema hili mbele ya watu wa vitabu mara nyingi, kwamba Tuzo ya Mwalimu Nyerere iongezewe nyanja ya wasifu, tawasifu na historia za watu wa kawaida. Imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kupanuka. Ilianza na nyanja mbili na leo zimezidi hizo. Na Mwalimu mwenyewe, pamoja na tafsiri zake za Shakespeare, sehemu kubwa ya alichokiandika ilikuwa ni fikra na maelezo ya mambo halisi ya nchi yake. Ukiwa mwalimu wa Historia, sauti yako kwenye hilo ina uzito. Iandikie Taasisi barua. Waambie una mswada na hauna mlango.

Wakati tukingoja, mswada wako uende wapi?

Uko mlango mmoja nusu wazi. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyojulikana kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na kampuni ya mabati ya Kenya. Jumla ya zawadi zake ilikuwa dola 15,000. Watu wengi wanaijua kwa riwaya na ushairi, kwa kuwa washindi wake wa kwanza wa mwaka 2015 walitoka huko: Anna Samwel Manyanza kwa nathari, Mohammed Khelef Ghassani kwa ushairi. Lakini matangazo yake yametaja pia kumbukumbu za maisha, na yamepokea miswada isiyochapwa sambamba na vitabu vilivyotoka ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Haibagui Mtanzania na Mkenya. Fuatilia tangazo la mwaka husika, lisome mstari kwa mstari, na kama neno "kumbukumbu" limo, peleka.

Kenya wana Tuzo ya Jomo Kenyatta inayoendeshwa na chama cha wachapishaji wao, nayo ina nafasi ya Kiswahili, lakini inashindanisha vitabu vilivyokwisha chapwa na mchapishaji ndiye anayewasilisha. Hapo bado hujafika. Naitaja ili ujue tofauti hii, kwani inawachanganya wengi: kuna tuzo za miswada na kuna tuzo za vitabu. Ukikimbilia kujichapishia nakala 100 kwa stationari ya mjini leo, tuzo za miswada zinaweza kukufungia mlango kesho. Na kuiweka sura nzima nzima kwenye mitandao ya kijamii kunaweza kuhesabiwa kuwa umechapisha. Kwanza soma mwongozo.

Nimesema mlango uko nusu wazi kwa sababu ulichoandika, kwa hali kilivyo, ni wasifu. Kumbukumbu ni ya mtu anayesimulia aliyoyaishi yeye. Na hapa ndipo nataka tuongee kazi, maana naona mswada wenyewe unavutwa upande huo na wewe unaushikilia usiende.

Chukua sura ya kwanza. Umeanza hivi: "Babu yangu alikuwa mtu mwema, mcheshi na mchapakazi, aliyependwa na kila mtu." Mwalimu, sentensi hiyo imesomwa kwenye kila mazishi tangu Tanga mpaka Kilwa. Haina kosa, ila haimtenganishi babu yako na babu wa mtu yeyote. Kisha nafika sura ya saba, nakuta maneno haya juu ya tezo, kile chombo kama shoka cha kuchongea mbao: "Hakumpa mtu tezo mkononi hata siku moja. Aliilaza juu ya ubao, akageuza uso, nasi tukaiokota wenyewe. Nilikuwa na miaka tisa. Nikamuuliza kwa nini, akasema chuma hakipokewi, chuma huchukuliwa." Hapo nikaweka karatasi chini. Huyo mzee nimemwona. Na nimekuona na wewe, mtoto wa miaka tisa umesimama kwenye maganda ya mbao.

Tofauti ya sehemu hizo mbili ni kwamba kwenye sura ya saba upo. Kwenye ya kwanza umejiondoa, umevaa koti la mwanahistoria, unaandika kama mtu aliyesoma habari za babu yako kwenye jalada la serikali. Nakushauri uingie ndani ya kitabu tangu ukurasa wa kwanza. Anza na ile tezo. Anza na siku ya kumwaga maji ndani ya jahazi jipya kabla halijashuliwa majini, babu akizunguka nje kwa kidole akitafuta panapotoka tone, na wewe ukimfuata na bakuli la pamba na sifa, yale mafuta ya papa, kwa ajili ya kalafati, kazi ya kuziba nafasi za mbao. Halafu turudishe nyuma, utupeleke kwa baba yake na kwa ujana wake, tukijua kila wakati kwamba ni wewe unayeuliza na yeye anayejibu. Ukifanya hivyo, mswada unakuwa kumbukumbu zako juu yake, na hutakuwa umedanganya neno hata moja. Nimeona wengine wakifika mbali kwa njia hiyo. Ken Walibora, kwenye tawasifu yake ya Nasikia Sauti ya Mama, alimweka mtu mmoja, mama yake, tangu kwenye jina la kitabu.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Kwenye sura ya kwanza umeweka mazungumzo ya baba wa babu na nahodha mmoja, usiku, ndani ya chombo, miaka mingi kabla babu hajazaliwa. Wanazungumza ukurasa mzima, kwa alama za kunukuu. Nani aliwasikia? Ikiwa babu alisimuliwa na baba yake, kisha akakusimulia wewe, sema hivyo: "Babu aliniambia kwamba baba yake alimwambia." Usiogope msururu huo; waliotulia wakaupanga vizuri hupata ladha yake, na sisi tuliolelewa na hadithi za usiku tunaujua. Ikiwa umeyatunga ili kuchangamsha, yatoe. Yote. Ukiacha ukurasa mmoja wa kutunga, msomaji makini akiugundua, zile kurasa zako za mataruma na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ambazo ni za kweli tupu, nazo atazitilia shaka.

Ukiona huwezi kuyatoa, ukiona usiku ule ndani ya chombo ndio unaokukosesha usingizi, basi inawezekana ndani yako kuna riwaya pia. Hiyo ni habari njema, ila ni kitabu kingine. Mwache babu apumzike, badili majina, badili kijiji, mpe yule nahodha deni, mpe mke anayemsubiri, mwache aseme uongo na aumie kwa uongo huo. Hapo utaandika "riwaya" juu ya jalada bila kusita na utapeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere kwa haki. Nakwambia tu usijaribu kuviandika vyote viwili kwa mswada mmoja.

Mambo mengine nitayapitia upesi. Majina ya watu walio hai: yule mteja aliyekimbia na fedha za jahazi, ambaye umeandika kwamba mwanawe bado ana duka hapo mjini, muulize mwanawe au liondoe jina. Wanagenzi wote wawili wasomee sehemu zinazowahusu, waache wakusahihishe, na uandike kwamba walikusahihisha. Wasipopatana juu ya jambo, kama ule mwaka wa kushua jahazi la tatu, weka kauli zote mbili, kitabu hakitapungua. Maneno ya kazi, yaani keekee, kalafati, taruma, sifa, kushua, usiyafafanue kwenye mabano kila yanapotokea. Yaache yafanye kazi ndani ya sentensi, msomaji atayaelewa kwa kuona mkono unafanya nini, kisha mwishoni weka faharasa fupi. Na hakimiliki: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 maandishi haya ni yako tangu ulipoyaandika, lakini kabla hujatia saini popote, iwe fomu ya shindano au mkataba wa mchapishaji, tafuta kipengele kinachosema nani atakuwa na haki ya kuchapa, kwa lugha gani na kwa miaka mingapi. Kikiwa hakipo, uliza kwa maandishi.

Wachapishaji wenyewe usiwaogope. Zamani tulisema wasifu hauuziki, na ni kweli wengi bado watakujibu hivyo, kwa hesabu zile zile za shule nilizokueleza. Lakini Adam Shafi, baada ya riwaya zote zile, aliandika Mbali na Nyumbani, akasimulia safari yake ya ujana kutoka Unguja kuelekea kaskazini mwa Afrika, na watu wamekisoma kama wanavyosoma riwaya zake. Mpelekee mhariri sura ya saba pekee, na barua ya ukurasa mmoja inayosema babu alikuwa nani, una saa ngapi za sauti yake, na kitabu kina picha au michoro mingapi. Michoro ni muhimu. Kama kuna mwanafunzi wako anayejua kuchora, mpeleke pwani akachore chombo kikiwa mataruma matupu, kabla mbao za ubavuni hazijapigiliwa.

Mwisho kuna jambo ambalo hukuniuliza. Umeandika kwamba sauti ya babu iko kwenye simu yako ya zamani, na kioo chake kimepasuka. Kabla hujahariri hata nukta, itoe humo. Weka nakala tatu: moja kwa mtu wa familia anayeishi mji mwingine, moja kwenye kompyuta ya shule, moja mtandaoni. Kisha rudi kwa yule mwanagenzi wa pili, uliyesema siku hizi haoni vizuri, umuulize nyimbo walizoimba wakati wa kukivuta chombo kwenda majini. Kwenye sura ya saba umeandika "waliimba" na ukaendelea. Nani alianzisha, waliitikia nini, na babu alikuwa amesimama wapi? Nitumie sura hiyo ukishaipata. Nitaisoma siku hiyo hiyo.